Siku niliyosimama kanisani kuzuia ndoa yangu mwenyewe, kwa sababu Mchungaji aliuliza

Wakuu, habari za humu.

Walionizidi umri, shikamooni. Nimevuka themanini na tano, kwa hiyo sitarajii kuitikiwa na wengi.

Haya ninayoyaandika yalitokea, na yalinitokea mimi. Wengine humu huapa kwanza ndipo waanze. Mimi siapi, mtaona wenyewe huko mbele kwamba uongo haujawahi kuwa tatizo langu. Tatizo langu lilikuwa upande wa pili.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Mnaopenda nyuzi za chapchap mnivumilie. Na mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la dini. Watu wa jukwaa la dini nawajua.

Twende.

Miaka michache iliyopita binti yangu wa tatu, mwalimu mstaafu, alirudi kutoka semina ya watoto wenye usonji. Akakaa jikoni akinitazama ninavyopanga vijiko.

Akasema, "Mama, leo wametusomea habari zako kutwa nzima. Ila walikuwa wanakuita mtoto."

Tukaenda kwa daktari wa mambo hayo. Aliniuliza maswali mengi, maswali mazuri, yenye majibu. Mwisho akasema ndiyo, mimi ni mtu mwenye usonji na nilizaliwa hivyo. Akauliza kama nitahitaji cheti.

Nikamuuliza nikamwonyeshe nani. Wote waliokuwa wanataka maelezo wameshakufa.

Basi nirudi nyuma, enzi za Mwingereza, miaka yake ya mwishomwisho. Bendera yake ilikuwa bado inapepea bomani Same, lakini watu walikuwa wameanza kuitazama kama mgeni aliyekwisha kunywa chai na bado hajaaga.

Kijiji chetu kiko juu ya milima ya Upare, upande wa kusini. Ukungu ukiondoka asubuhi unaona treni chini tambarare, ndogo kama jongoo. Jina la kijiji silitaji. Wajukuu wa wahusika wako humu, na wengine wana hasira za kurithi.

Mimi nilikuwa binti wa ishirini hivi. Niliitwa Nakiete, na bado naitwa hivyo.

Sikuweza kumtazama mtu machoni. Na salamu za kwetu ni ndefu, mnajua. Unaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, za waliolala na walioamka, na kote unatakiwa ujibu nzuri. Mimi nilikuwa najibu swali. Mbuzi akiwa anahara, nilisema anahara, tangu lini, na rangi gani.

Watu wakaanza kupitia njia ya juu.

Kelele nazo ziliniumiza mwili, si masikio tu. Kanisani kwetu palikuwa na kikundi cha tarumbeta. Wakipuliza, nilihisi kama mtu ananigongomea msumari nyuma ya sikio. Nilikuwa najifunika khanga kichwani na kuinama.

Wapo walioona nina pepo linalochukia sifa za Mungu. Nikaombewa mara tatu. Mara ya tatu waliniombea kwa sauti kubwa kuliko zote, watu sita, sikioni, mpaka nikaanguka. Wakamshukuru Mungu kwamba pepo limetoka.

Mimi niliangushwa na kelele. Lakini hawakuniuliza, na mimi kama hujaniuliza sisemi.

Msidhani nililichukia kanisa, wakuu. Nililipenda sana. Kila Jumapili maneno ni yaleyale, kwa mpangilio uleule. Mchungaji anasema hivi, sisi tunajibu hivi. Ni mahali pekee nilipopajua duniani ambapo mtu akikusalimu, jibu lako limeshachapishwa.

Kitabu cha nyimbo nilikijua chote kwa namba. Mtu akinung'unika wimbo njiani, nilimtajia namba yake. Hilo nalo watu hawakulipenda sana.

Na Mungu nilimpenda. Nalisema kwa sababu kuna wanaodhani mtu kama mimi anapenda ratiba tu. Nilikuwa nikienda peke yangu ukingoni mwa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, namwambia mambo yangu. Hakuwahi kuniambia nimtazame ninapozungumza naye.

Mchungaji wetu aliitwa Yonathani. Mpare mwenzetu, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Kwenye darasa la kipaimara alitufundisha amri ya kutoshuhudia uongo, kisha akaongeza la kwake.

"Ukiulizwa neno ndani ya kanisa hili, jua aliyekuuliza ni Mungu. Jibu kweli."

Wenzangu waliandika kwenye madaftari, wakayafunga. Mimi nililishika.

Sasa Elieza.

Elieza alikuwa kijana wa kijijini kwetu aliyekuwa fundi cherehani kule Same. Alikuwa na kibaraza si mbali na stesheni, akiwashonea makarani na matarishi wa bomani kaptura za kaki. Jumamosi alipanda mlima, Jumatatu alfajiri anashuka.

Joho jipya la Mchungaji alilishona yeye. Siku moja baada ya ibada nilimwambia pindo la joho limepanda upande wa kushoto, kama upana wa kidole.

Mtu mwingine angenuna. Elieza alikwenda kulipima. Akarudi, akasema, "Kweli. Hakuna mwingine aliyeona."

Nikamwambia wameona, ila wao ni watu wazuri.

Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuelewa anacheka nini, lakini kicheko chake hakikuwa na kelele.

Tangu hapo kila Jumamosi alipita kwetu. Aliongea huku akishona vifungo, macho yake kwenye sindano, na mimi nachambua maharage, macho yangu kwenye ungo. Hatukutazamana, na hakuna aliyeona kasoro. Mama yangu alisema hajawahi kuona uchumba wa ajabu namna ile. Mimi sikuwahi kuona uchumba mwingine, kwa hiyo niliuona wa kawaida.

Wazee wakakutana, pombe ya miwa ikanywewa, mambo yakakubaliwa. Ikabaki kutangazwa kanisani.

Mwaka ule vuli haikuja.

Mahindi yalisimama magotini yakaanza kugeuka karatasi. Ndiva ilikauka mpaka udongo wa chini ukapasuka vipandevipande. Kanisa likatangaza siku tatu za maombi ya mvua. Tuliomba. Mzee Zefania, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito kuliko wote, aliomba mpaka kikohozi kikamkatiza.

Jumamosi iliyofuata Elieza alikuja kama kawaida. Hakutoa vifungo.

Akaniambia, "Jana baba aliniita nipande mapema. Nilikuwa naye mpungini."

Kwa wasiojua, mpungi ni msitu mdogo wa ukoo, mahali wazee wetu walipotambikia tangu kabla ya kanisa. Kanisa lilikuwa limekataza watu wake kwenda. Lilikataza kwa maandishi, kwenye kitabu cha taratibu ambacho Wazungu wa misheni walikiandika na Mchungaji akakitafsiri. Mkristo akishiriki tambiko, anatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Na aliyetengwa hafungi ndoa kanisani.

Nikamuuliza alifanya nini huko.

"Nilishika kamba ya kondoo. Mzaliwa wa kwanza ndiye anayeshika. Baba aliniambia nikikataa, mvua isiponyesha watasema ni mimi."

Nikamuuliza walikuwapo nani. Akanitajia. Nikamuuliza kondoo ametoka wapi, kwa sababu kondoo mweusi asiye na doa kwetu alikuwa haba. Akaniambia na hilo.

Hakuniambia nisiseme. Mtu mwingine yeyote angejua.

Siku ya nne tangu tambiko mvua ikanyesha, ikanyesha kweli. Jumapili tukafanya ibada ya shukrani kwa maombi yaliyojibiwa. Mzee Zefania akaongoza shukrani. Alishukuru kwa kirefu, na sasa nikikumbuka naona alikuwa anashukuru pande zote mbili, kwa tahadhari.

Jumapili hiyohiyo ndoa yetu ikatangazwa mara ya kwanza. Mchungaji alisoma majina yetu, kisha akasoma maneno ya kila tangazo.

"Yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii na aseme."

Nikaanza kufikiri. Nilifikiri wiki nzima. Je, kushika kamba ni kushiriki? Nilikisoma kile kitabu cha taratibu mara nyingi. Kilisema "kwa namna yoyote." Kamba ni namna.

Jumapili ya pili akauliza tena. Sikusimama. Nilikuwa namtaka Elieza, wakuu. Msisome uzi huu mkadhani nilikuwa natafuta njia ya kutoroka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimempata mtu ambaye nikikaa naye sichoki. Na nilikuwa nimeulizwa mara mbili, na aliyeniuliza nilifundishwa ni nani.

Wiki ile sikula makande wala ndizi. Mama alifikiri ni furaha ya harusi.

Jumapili ya tatu Mchungaji akasoma, akauliza, na bila kungoja akaanza kufungua ukurasa wa tangazo jingine.

Nikasimama. "Mimi najua."

Mama akanivuta khanga. Khanga ikabaki mkononi mwake, mimi nikabaki nimesimama na gauni.

Mchungaji akatabasamu kidogo. "Nakiete, keti mwanangu. Swali hili haliulizwi bibi harusi."

"Ulisema yeyote."

Alikuwa mtu wa haki, na alikuwa amesema yeyote.

"Haya. Sema."

"Elieza alishika kamba ya kondoo mpungini, Ijumaa kabla ya mvua."

Sikumtazama Elieza. Sikuwa namtazama siku zote, lakini siku ile ndiyo niliyotakiwa kumtazama.

Hapo Mchungaji angeweza kusema tutalizungumza ofisini, mambo yakaishia hapo. Lakini nadhani alishtuka. Akauliza, "Alikuwa peke yake?"

"Hapana."

"Alikuwa na nani?"

Nikamtajia. Baba yake Elieza. Kiongozi wa tarumbeta. Wengine wanne, mmojammoja, na majina ya baba zao ili wasichanganywe na wengine. Na Mzee Zefania, ambaye alikuwa ameketi mbele kabisa, karibu na madhabahu, na sahani ya sadaka magotini.

Mzee Zefania akasema taratibu, "Mimi nilikuwa natafuta mbuzi wangu aliyepotea."

Na yule wa tarumbeta akasema na yeye alikuwa anamsaidia kumtafuta. Ikaonekana watu saba walikuwa wanamtafuta mbuzi mmoja, mahali pamoja, siku ya Ijumaa.

Mchungaji alishika pande zote mbili za mimbari. Sijui kwa nini aliuliza lililofuata. Labda alitaka kupata mkosaji mkubwa zaidi, wa nje, asiye wa usharika wetu.

"Na huyo kondoo alitoka kwa nani?"

"Kwako, Mchungaji."

Nikaeleza, maana niliona hakuelewa. Nilisema Mama Mchungaji ndiye aliyemtoa. Walipomwendea aliuliza ni wa nini, wakamwambia, naye akasema, mchukueni, na mahindi yangu yanakauka.

Kuna mtu nyuma alicheka, akakibadilisha kicheko kuwa kikohozi. Mama Mchungaji alikuwa ameketi kwenye nafasi yake ya siku zote. Hakukana. Alikunja mikono tu.

Mchungaji akataja namba ya wimbo. Aliikosea, ule ulikuwa wimbo wa mazishi. Sikumsahihisha. Hilo nalihesabu kama juhudi yangu ya siku ile.

Baraza la wazee likakaa wiki hiyo. Shida yao ilikuwa hii: kuwatenga wote walioenda mpungini, ilibidi watengwe pia wazee wawili waliokuwa wamekaa kutenga. Wakajadili jioni mbili.

Mwishowe wakaamua. Elieza atengwe, kwa sababu yeye hakusema alikuwa anatafuta mbuzi. Na mimi nitengwe, kwa kuvuruga ibada.

Wengine wakaachwa, kwa kukosa ushahidi.

Nilipoambiwa, nilichukua kitabu cha taratibu nikatafuta hiyo kanuni ya kuvuruga ibada kwa kujibu swali. Nilikisoma mwanzo hadi mwisho. Nikadhani nakala yangu ina ukurasa uliopungua. Nikaazima ya jirani.

Mama alilia siku nyingi. Aliniuliza, "Nimekukosea nini?" Nikamjibu hajanikosea kitu. Akalia zaidi. Nilijua nimefanya jambo, nikijaribu kulitafuta silioni. Ni kama kuambiwa nguo yako imechanika mgongoni.

Waliotengwa walikuwa na benchi lao la nyuma, karibu na mlango, mbali na tarumbeta. Wakuu, naomba niwe mkweli. Benchi lilikuwa zuri. Kama lengo lilikuwa kuniumiza, wangeniweka mbele.

Kilichoniumiza ni kwamba Elieza hakuja.

Jumamosi ya kwanza sikumwona. Ya pili vilevile. Ya tatu nilichambua maharage mpaka yakaisha, nikayachanganya tena na takataka, nikayachambua upya.

Jumatatu nikashuka mlima kwenda Same.

Ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Juu kuna baridi na migomba, chini kuna vumbi, miiba na joto la kukuchoma nyayo. Mjini palikuwa na kelele za kila namna, wafugaji wamekuja na ng'ombe wao kutoka tambarare, treni inapiga honi. Nilitembea nimeziba masikio mpaka kibarazani kwake.

Alikuwa anashona. Hakusimamisha cherehani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akashona mpaka mwisho wa mguu wa kaptura, ndipo akasema, "Kwa nini hukuniuliza kwanza?"

"Sikujua kwamba unatakiwa kuulizwa kwanza."

"Nakiete, nilikuambia wewe. Sikuliambia kanisa."

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikalifikiria hilo. Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Kwangu neno la kweli lilikuwa kweli tu, kama mvua, inanyesha kwa wote. Sikujua kwamba mtu anaweza kukupa kweli mkononi, ikawa yako na yake tu, na ukiitoa umemwibia.

Nikamwambia, "Basi nimekuibia. Sikujua. Naomba unisamehe."

Cherehani ikasimama.

"Baba hasemi na mimi," akasema. "Anasema nitafute mwingine."

"Na wewe unasemaje?"

Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Sijui."

Nikamwambia asante, nikainuka, nikaondoka.

Nilikuwa nimeshavuka reli niliposikia ananiita. Alikuja anakimbia, utepe wa kupimia bado shingoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Umesema hujui. Nitakusubiri ujue."

Akanitazama, nikatazama utepe.

Baadaye, tulipokuwa wazee, aliniambia kwamba alitaka nibaki nimbembeleze. Alisema msichana mwingine angelia pale kibarazani mpaka jioni, na yeye angekuwa mgumu siku mbili tatu kabla ya kulainika. Alikuwa amejiandaa kuwa mgumu. Hakupata nafasi.

Pale relini akasema, "Mimi nikikuambia neno na sitaki litoke, nitasema hili ni la ndani. Nikisema hivyo, utalitoa?"

"Sitalitoa."

"Hata ukiulizwa kanisani?"

Hilo lilikuwa gumu. Nililifikiria muda mrefu, watu wakipita. Nikamwambia, "Nikiulizwa kanisani nitasema nimeambiwa, ila si langu kulisema. Hiyo nayo ni kweli."

Akasema inatosha. Jumapili alikuja kanisani, akakaa benchi la waliotengwa, upande wa wanaume. Mpaka siku ile upande huo ulikuwa hauna mtu.

Ikabaki kurudi kundini. Elieza alikuwa tayari kutubu, alisema alishika kamba na anajua alikatazwa. Shida ilikuwa mimi. Mchungaji aliniita ofisini.

"Sema tu unatubu, Nakiete, tuyamalize."

"Natubu nini?"

"Ulilolisema."

"Lilikuwa uongo?"

"Hapana."

"Elieza nimeshamwomba msamaha, kwa sababu yeye nimemkosea. Wewe uliniuliza, nikakujibu. Nikitubu kwako kwa hilo, nitakuwa nimemdanganya Mungu."

Akaniruhusu niende.

Ikapita miezi. Wakuu, sikutarajia mambo yatakwisha vile yalivyokwisha.

Jumapili moja Mama Mchungaji aliingia kanisani amechelewa kidogo. Badala ya kwenda mbele, akaja nyuma.

"Sogea," akaniambia.

"Shikamoo, Mama. Hapa ni pa waliotengwa."

"Marahaba. Najua."

"Wewe hujatengwa."

"Nimejitenga. Kondoo alikuwa wangu." Akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo. "Namba ngapi leo?"

Nikamwambia.

Mumewe kule mbele alipoteza mstari wake kwenye mahubiri, akausoma uleule mara mbili.

Jumapili ya pili yake akaja Mzee Zefania. Alikaa kwa uzito, akasema bila kumtazama yeyote kwamba mbuzi amepatikana. Baada yake baba yake Elieza, akakaa kando ya mwanawe bila kusema kitu, lakini alikaa. Kisha wengine wawili. Kisha kiongozi wa tarumbeta.

Tarumbeta bila kiongozi zikalegea, zikawa zinapulizwa wimbo mmoja tu kwa ibada. Hizo zilikuwa Jumapili tamu kuliko zote nilizowahi kuziona.

Jumamosi moja jioni Mchungaji akaja nyumbani kwetu mwenyewe. Mama akampa uji. Alikizungusha kibuyu mkononi, hakunywa.

"Nakiete, nina neno. Sikukutenga kwa sababu ulikosa. Nilikutenga kwa sababu niliogopa kuwatenga wao."

"Mimi nilidhani kuna kanuni sijaisoma," nikamwambia. "Nimekisoma kile kitabu mara tisa."

Alishusha kichwa, na nilimwona akilia, mtu mzima. Sikujua nifanye nini. Nikamwambia uji unapoa.

Akanywa. Kesho yake alishuka mimbarini, akasimama chini pamoja na sisi, akasema usharika wote utatubu pamoja, yeye wa kwanza, na akataja kosa lake kwa jina. Baada ya hapo wengine wakataja yao. Zefania alitaja la mbuzi. Ilipofika zamu yangu nilisema nilimwumiza Elieza na nilimliza mama, na yote mawili yalikuwa kweli. Tukarudishwa.

Ndoa ikatangazwa upya. Safari hii Mchungaji alikuja kwetu siku moja kabla.

"Kuna kizuizi kingine?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Tukafunga ndoa. Niliishi na Elieza miaka zaidi ya hamsini, mpaka alipofariki, tukiwa tumetazamana machoni labda mara nne. Tulipata watoto watano. Wawili wamefanana na mimi, na hakuna aliyewaombea sikioni, kwa sababu mimi nilikuwa nasimama mlangoni.

Somo nililopata? Moja ni la kwangu. Kweli unayoulizwa na kweli uliyokabidhiwa si kitu kimoja, na ya pili ina mwenyewe. Nilichelewa kulijua, nikamwumiza mtu aliyenipenda. Kuwa na usonji si ruhusa ya kuumiza. Ni sababu ya kuomba uelekezwe.

La pili ni la kwenu, hasa viongozi wa makanisa. Mtu kama mimi yupo kwenye usharika wako, naye hana pepo. Mpe kiti karibu na mlango, mwambie ibada itachukua muda gani, usimguse bila kumuuliza. Na kama hutaki jibu, usiulize swali.

Mwezi uliopita kanisani kwetu palikuwa na ibada maalumu ya watu wenye mahitaji maalumu. Mchungaji wetu wa sasa, kijana mzuri mwenye maikrofoni ya kuning'iniza sikioni, aliniomba nitoe ushuhuda wa dakika tano. Akaomba kwanza aone nitakachosema.

Nikamwandikia haya mliyoyasoma, kwenye daftari, kwa mkono.

Alilisoma usiku kucha, akarudisha asubuhi. Akasema limemgusa sana, ila ratiba imebana.

Ndiyo maana nimeliweka hapa. Humu ratiba haibani.

Karibuni mseme. Mwenye ndugu au mtoto wa namna hii aulize, nitajibu. Mnaotaka kunirekebisha pia karibuni, ila mtaje kosa ni lipi, nikalitafute.